Kutoka Dar es Salaam Hadi Jidda: Masafa, Saa na Wajibu wa Msafiri

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Hajj, aya ya 27, anatupa habari ya jinsi alivyomwamrisha Nabii Ibrahimu (a.s.) awatangazie watu Hija, na jinsi alivyomwahidi kuwa watu hao watamjia kwa miguu na juu ya wanyama waliokondeshwa na safari, wakitoka katika kila njia ya mbali. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tumo katika hao walioitwa, na njia yetu ni ya mbali kweli. Lakini je, ndugu msomaji, umepata kujiuliza ni mbali kiasi gani? Na ikiwa leo njia hiyo yakatwa kwa saa chache tu juu ya mawingu, je, sheria ya msafiri nayo imefupika pamoja na saa, au imebaki pale pale ilipokuwa?

Nimeona vijana wetu wengi waijua bei ya tikiti kabla ya kujua jambo lingine lo lote la safari hii. Si vibaya kuijua bei. Lakini yako mambo ambayo msafiri asipoyajua ardhini, atakuja kuyajutia angani, na huko angani hapana mlango wa kutokea.

MASAFA YENYEWE

Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu. Kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam na kile cha Jidda vimepangana karibu sawasawa juu ya mstari mmoja utokao kusini kwenda kaskazini. Vyote viwili viko kwenye longitudo ya digrii 39 na sehemu ndogo, upande wa mashariki. Tofauti yao ni ya latitudo tu: Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, na Jidda iko karibu digrii 21 na theluthi mbili kaskazini yake. Ukijumlisha wapata digrii 28 na nusu, na kidogo zaidi. Kila digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111 juu ya ardhi. Zidisha, nawe utapata kilomita 3,160 hivi, yaani maili 1,960 na kitu.

Hesabu hii si ngeni katika nyumba ya Uislamu. Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833, aliwatuma wataalamu wake katika uwanda wa Sinjar, kaskazini ya Iraq, wapime urefu wa digrii moja ya ardhi. Wakagawanyika makundi mawili, hawa wakaenda kaskazini na wale wakaenda kusini, wakipima njia yao kwa kamba, mpaka kimo cha ncha ya mbingu kilipozidi au kupungua kwa digrii moja kamili. Jawabu lao mashuhuri lilikuwa maili 56 na theluthi mbili za Kiarabu, nalo halikuwa mbali na hesabu ya leo. Baada yao, Abu Rayhan Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kupata mahali pa miji na masafa baina yao, akakimaliza mwaka 1025. Moja katika haja zake kubwa ilikuwa kujua kibla cha mji wa Ghazna, alikokuwa akikaa. Basi kijana wa Kiislamu anayepiga hesabu ya masafa baina ya mji wake na Makka asidhani kuwa anafanya jambo la kigeni. Anafuata nyayo za wazee wake.

SAA ZA SAFARI

Ndege kubwa ya siku hizi, ikisha kupanda juu, hwenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa moja. Kwa mwendo huo, kilomita 3,160 zaisha kwa muda wa saa tatu na dakika arobaini na kitu. Lakini ndege haianzi kwa mwendo huo wala haitui kwa mwendo huo, na njia za angani hupinda hapa na pale. Kwa hiyo msafiri aendaye moja kwa moja na ahesabu kuwa atakaa angani muda wa saa nne, au nne na nusu.

Njia iliyonyooka hupita bara ya Mombasa, ikaenda karibu na Garissa, ikaingia Uhabeshi. Mji wa Addis Ababa uko kando kidogo tu ya mstari huo, hata anayebadili ndege huko hazidishi masafa kwa kiasi cha kutajika. Kisha njia hupita juu ya Tigray, na huko kuna kijiji cha Negash, ambacho Waislamu wa nchi ile husema ndiko alikozikwa An-Najashi, mfalme mwadilifu aliyewapokea Masahaba walipoikimbia dhuluma ya Makureshi katika mwaka 615. Wao walivuka bahari kutoka Bara Arabu kuja Afrika wakitafuta usalama wa dini yao. Wewe wavuka bahari ile ile kutoka Afrika kwenda Bara Arabu ukiwa salama, huku umeketi kitini na chakula chaletwa mbele yako. Yatosha hilo kumfanya mtu ashukuru.

Lakini anayepitia miji ya Ghuba, mathalan Doha, njia yake huzidi kilomita 5,000, kwa kuwa huenda kwanza kaskazini-mashariki kisha akarudi magharibi. Huyo ajue pia kuwa mikati yake yaweza kubadilika, kama tutakavyoeleza.

Saa ya mkononi haina haja ya kugeuzwa. Tanzania na Saudia zafuata saa moja. Tena, kwa sababu miji hii miwili iko kwenye mstari mmoja, jua hufika katikati ya mbingu Dar es Salaam na Jidda kwa wakati ule ule, hata adhuhuri yao ni karibu dakika moja. Magharibi ndiyo itofautianayo. Katika mwezi wa Juni jua huchelewa kuchwa Jidda kuliko Dar es Salaam kwa dakika 50 hivi, na katika mwezi wa Desemba hutangulia kwa kiasi kama hicho.

WAZEE WETU WALISAFIRIJE?

Zamani mtu wa pwani aliyenuia Hija alikuwa akingoja upepo. Kusi ndiyo iliyompeleka kaskazini, na kaskazi ndiyo iliyomrudisha. Na kwa kuwa miezi yetu ya Kiislamu huzunguka katika majira yote, mara nyingi upepo wa kwenda haukuafikiana na mwezi wa Dhulhija. Basi mtu aliondoka mapema sana, akakaa Aden au Jidda akingoja siku za Hija, kisha akangoja tena upepo wa kurudi. Aliyeaga kwake aliaga kama anayekufa: alilipa madeni yake, aliandika wasia wake, akaomba radhi kwa mkewe, watoto wake na jirani zake.

Tangu mwaka 1872 meli za moshi zilizochukua barua baina ya Aden na Unguja zilipunguza shida hiyo. Kisha zikaja ndege. Dakota za zamani, zikienda kiasi cha kilomita 300 kwa saa, zingehitaji zaidi ya saa 10 kuikata njia hii, bila ya kuhesabu vituo vya kutia mafuta. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya jeti ya abiria ya kwanza duniani iliondoka London kwenda Johannesburg, na Entebbe kwetu Afrika Mashariki kilikuwa kimojawapo cha vituo vyake. Tangu hapo mambo yakaenda mbio. Mwaka 1981 kilifunguliwa kiwanja kikubwa cha Jidda chenye jengo la mahujaji lililoezekwa kwa mahema makubwa meupe. Mmoja katika mafundi wakuu wa jengo lile alikuwa Fazlur Rahman Khan, Mwislamu mzaliwa wa Bengal, naye alifariki katika mji huo huo wa Jidda mwaka 1982.

Waarabu walihesabu safari kwa marhala, yaani mwendo wa siku moja wa msafara. Kwa hesabu hiyo, masafa ya Dar es Salaam hadi Jidda ni marhala zaidi ya 70. Safari ya siku sabini leo hukatwa baina ya chai ya asubuhi na sala ya adhuhuri.

SHERIA YATAZAMA MASAFA, HAITAZAMI SAA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Yuko asemaye: "Kupunguza sala kulikuwa kwa ajili ya taabu ya ngamia. Mimi nimekaa kwenye kiti laini saa nne tu, vipi nitapunguza?" Na yuko mwingine anayepanda ndege ya dakika ishirini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, akafika na kupunguza sala zake kwa kuwa ati amepanda ndege. Wote wawili hawakuuliza.

Ruhusa ya kupunguza sala imetajwa katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 101. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, kipimo chake ni masafa ya marhala mbili, ambayo mashekhe hukadiria kuwa baina ya kilomita 80 na 90. Imamu An-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake cha Minhaj, amesema kuwa safari ya baharini ni kama ya nchi kavu, hata mtu akiyakata masafa hayo kwa saa moja tu, atapunguza. Tazama, ndugu yangu! Mtu huyu hakuona ndege wala meli ya moshi, lakini jawabu lake lafaa kwa ndege kama kwamba limeandikwa jana.

Basi aendaye Jidda ni msafiri bila shaka, hata kama hakutoka jasho. Na aendaye Unguja kutoka Dar es Salaam, masafa yake ni kilomita 73 hivi, nayo hayafiki kipimo hicho, akienda kwa ndege au akienda kwa boti. Lakini atokaye Unguja kwenda Pemba kwa ndege hukata kiasi cha kilomita 125, na huyo ni msafiri.

SALA NA SAUMU ANGANI

Tumesema kuwa njia hii yaelekea kaskazini. Na kibla cha Dar es Salaam nacho ni kaskazini, kikipotoka kwa kiasi cha digrii moja tu upande wa mashariki. Maana yake ni kuwa msafiri aliyekaa kitini kwake katika ndege iendayo moja kwa moja Jidda, uso wake huwa umeelekea kibla karibu njia nzima! Karibu na mwisho wa safari tu ndipo Makka huwa mkono wa kulia. Wakati wa kurudi mambo hugeuka, na kibla huwa nyuma ya mgongo wake.

Sala za sunna zina wasaa: Mtume (s.a.w.) alizisali juu ya mnyama wake popote alipoelekea. Lakini kwa sala ya faradhi alikuwa akishuka. Basi anayeweza kusimama mahali pa wazi katika ndege, akarukuu na kusujudu bila ya kuwaudhi wenziwe wala kuvunja amri ya wakuu wa ndege, na afanye hivyo. Asiyeweza na asali kama awezavyo, wala asiiache sala mpaka wakati ukatoka. Wapo katika mashekhe wetu wa Kishafii wanaomwamrisha aliyeshindwa kutimiza nguzo airudie sala hiyo afikapo, basi muulize shekhe wako kabla ya kuondoka. Dawa iliyo nyepesi zaidi ni kuichagua saa ya safari. Aondokaye kabla ya adhuhuri, na anuie katika wakati wa adhuhuri kuwa ataichelewesha aisali pamoja na alasiri atakapofika Jidda. Lakini sala ya alfajiri haiunganishwi na nyingine. Aondokaye usiku akatua jua limekwisha kuchomoza, hana budi kuisali angani.

Na aliyefunga? Msafiri anayo ruhusa ya kufungua, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185, naye atalipa baadaye. Lakini akiendelea na saumu yake, asifungue kwa saa ya mji ulio chini yake. Ndege ikiwa juu kiasi cha kilomita 11, upeo wa macho hushuka zaidi ya digrii 3, na jua huonekana karibu robo saa zaidi kuliko lionekanavyo na watu walio chini. Maadamu waliona jua kwa macho yako dirishani, mchana wako haujaisha. Al-Biruni huyo tuliyemtaja alikitumia kushuka huko kwa upeo, alipokuwa juu ya mlima karibu na ngome ya Nandana, kupimia ukubwa wa dunia. Jambo lililompa yeye elimu ndilo lile lile linalokupa wewe hukumu ya kufuturu.

DAKIKA KUMI ZA MIKATI

Sasa tufikie jambo lililo kubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) aliweka mipaka ambayo mwenye kukusudia Hija au Umra haipiti bila ya ihramu: Dhul-Hulayfa, Al-Juhfa, Qarn al-Manazil na Yalamlam, na pia Dhat Irq. Mipaka hiyo ni ya watu wa pande hizo na ya kila apitaye kwao. Asiyepita juu ya mikati yenyewe atahirimia pale anapokuwa sambamba nayo. Na mwaka 1986, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Amman, lilithibitisha kuwa hukumu hiyo yamhusu msafiri wa angani kama wa baharini.

Atokaye kwetu moja kwa moja aghalabu huhirimia anapokuwa sambamba na Yalamlam, na ajaye kupitia Ghuba aghalabu hukabiliana na Qarn al-Manazil. Yalamlam iko kusini ya Makka, na usawa wake ni kama kilomita 130 kabla ya kiwanja cha Jidda. Ndege ya kilomita 850 kwa saa hukata kilomita 14 kila dakika. Piga hesabu mwenyewe: baina ya mikati na kiwanja ni dakika kumi hivi, au robo saa ikiwa ndege imeanza kupunguza mwendo. Zamani jahazi lilikaa hapo saa nyingi, na nahodha akaamsha watu kwa utulivu. Leo anayesinzia akiwa nje ya mikati huamka akiwa ndani yake.

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alitusimulia yaliyompata. Alikuwa ameweka akiba miaka mingi, senti juu ya senti, kwa kazi ya ushoni. Siku ya safari wanawe walimfungia mizigo kwa mapenzi, na zile shuka mbili nyeupe wakazikunja vizuri ndani ya sanduku kubwa, na sanduku likaenda tumboni mwa ndege. Ilipotangazwa kuwa mikati iko karibu, watu wakasimama kuvaa, naye akatazama mikono yake mitupu. Akaanza kulia. Alidhani Hija yake imekwisha kabla ya kuanza.

Aliyekuwa jirani yake kitini alikuwa kijana. Akamwambia, "Babu, usilie. Ihramu ni nia, si nguo. Una nini mfukoni?" Mzee alikuwa na kikoi chake cha kusalia. Kijana akampa shuka yake ya akiba ya kujitandia mabegani, akamsaidia kuvua kanzu, wakanuia pamoja na kuleta talbiya. Mzee alisema, "Nilishona nguo za watu maisha yangu yote, na siku ile niliyotakiwa nguo isiyoshonwa, sikuwa nayo."

Kwa hiyo, enyi mnaowafungia wazazi wenu mizigo, nguo za ihramu ziwe katika mfuko wa mkononi. Na lililo bora zaidi ni kuoga na kuvaa nyumbani au kiwanjani, kisha ikabaki nia tu ya kuletwa mikati ikaribiapo. Mwanamke hana nguo maalumu, ila asifunike uso kwa nikabu wala asivae glovu. Baada ya kuhirimia, jihadhari na vitambaa vya manukato na sabuni zenye harufu nzuri vitolewavyo ndani ya ndege, maana manukato ni haramu kwa aliyehirimia. Na aliyeipita mikati bila ya nia, yampasa airudie akahirimie hapo. Asiporudi, atachinja mnyama.

MWISHO

Ndugu wasomaji, safari imekuwa fupi, lakini Hija haikuwa fupi. Wazee wetu walipewa miezi ya baharini ya kujitayarisha: kutubu, kujifunza, kusamehe. Sisi tumepewa saa nne. Yaliyobaki hatuna budi kuyafanya kabla ya kupanda, tukiwa bado katika nyumba zetu. Tulipe madeni yetu, tuombe radhi kwa tuliowakosea, na tukae mbele ya mashekhe wetu tujifunze manasiki, kama kwamba tunangoja kusi ivume.

Mwenyezi Mungu awajaalie wanaokwenda wafike salama na warudi na Hija iliyokubaliwa, na awafungulie njia wale wanaoweka akiba senti kwa senti. Amin.